Pleya ya muziki kwa sisi tusioona, nilivyojifunza hapa Mombasa

Watu wakijua sioni na kwamba napenda muziki, swali la kwanza huwa ni lile lile, kwani simu haikutoshi? Simu ninayo, TalkBack, ile programu ya Android ya kusoma kioo kwa sauti, inanisomea kila kitu na siidharau hata kidogo. Lakini muziki kwenye simu una tabu zake. Uko katikati ya taarab, udi ndo umeanza kunoga, mara ujumbe wa kikundi cha mtaa unaingia na TalkBack inaanza kuusoma juu ya udi. Betri unayosikilizia muziki ndo hiyo hiyo unayoitegemea kwa M-Pesa na kwa kumpigia mtu wa tuktuk usiku. Na ukiwa kwenye matatu ya Bamburi dirisha liko wazi, simu umeishika mkononi unatafuta wimbo kwa kuteleza kidole kwenye kioo, mtu asiyekutakia mema anakuona na wewe humuoni. Ndo maana miaka yote hii nimekuwa nikitafuta kimashine cha muziki peke yake, chenye vitufe, cha kutia mfukoni nikakiendesha bila kukitoa.

Nimepitia vingi. Vya bei rahisi vya kutoka China, vya mitumba, kimoja nililetewa na jamaa kutoka Dubai, na vile maalum vilivyotengenezwa kwa ajili yetu ambavyo nilivishika kwa rafiki. Na maoni yangu baada ya vyote hivyo ni kwamba watu wanapima kitu sicho. Wanapima sauti na GB. Kwetu sisi mambo ni mawili, kwanza naweza kujua niko wapi ndani ya hiki kimashine bila kumuuliza mtu, na la pili ambalo wengi hulisahau kabisa, naweza kutia nyimbo zangu mwenyewe? Maanake pleya inayopiga vizuri lakini kila ukitaka wimbo mpya lazima umngojee mpwa wako arudi kutoka chuo, hiyo bado si yako hata kama pesa ulitoa wewe.

Dukani kwenyewe kuna mtihani. Barabara ya Digo maduka ya simu na vikorokoro vyake yamepangana, unaingia mpwa wako amekushika mkono na muuzaji anamuuliza yeye, "Dada, ami anataka gani?" Na ami yuko hapo hapo anasikia. Mimi humjibu mwenyewe kwa upole, "Mwanangu, niulize mimi, mnunuzi ni mimi," na mara nyingi hapo anageuka kuwa mtu mzuri tu, ni vile hajazoea. Lakini bado atakuletea ile yenye kioo kikubwa kwa sababu ndo ghali na yeye ndo anayoiona nzuri. "Hii ni ya kugusa tu ami, laini kabisa." Sasa huo ulaini ndo ugonjwa wenyewe. Kioo cha kugusa kisichokuwa na sauti ya kukusomea hakina faida kwetu, ukigusa hujui umegusa nini, na pengine kwa kule kugusa tu ushafuta kitu.

Mimi huanza na mkono. Kitufe cha kupiga kiko wapi, kimeinuka au kiko sawasawa na mwili wa pleya, kina mpaka na mwenzake au vyote vimeungana kikawa kibao kimoja. Zile zenye pande nne na kitufe katikati ni nzuri, kidole gumba kinakaa katikati na kinajua juu na chini, kulia na kushoto. Nyengine zimechorwa alama tu kwenye plastiki, hapo utabonyeza kwa kubahatisha mpaka uchoke. Halafu kitufe cha sauti kisiwe ndo hicho hicho cha kurusha wimbo, na hili nalisema kwa uchungu sababu pleya nyingi za bei rahisi ziko hivyo, ukibonyeza mara moja inaruka wimbo, ukishikilia inapunguza sauti. Sasa wewe uko barabarani unataka kupunguza haraka usikie gari linatokea wapi, unajikuta umeruka nyimbo mbili na sauti iko pale pale. Kama vitufe vyake ni vizuri ila vinafanana, hilo lina dawa, tone la rangi ya kucha kwenye kile cha kupiga, likikauka linabaki kinundu kidogo na kidole hakikosi tena.

Na swichi ya kufunga. Ile ya kusukuma hasa, iPod za zamani zilikuwa nayo kwa juu, ukiisukuma mkono wenyewe unajua imefungwa au iko wazi. Kufunga kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja kunafaa tu kama pleya inasema kitu au inalia, kama inaonyesha picha ya kufuli kwenye kioo basi mimi sina habari nayo.

Siku hizi siendi dukani bila memori kadi yangu ya majaribio na hedifoni zangu. Kwenye kadi nimetia folda tatu, na kila folda faili la kwanza ni sauti yangu mwenyewe inayosema "hii ni folda ya kwanza, taarab", "hii ni ya pili, mawaidha", hivyo hivyo. Namwambia kijana wa duka, mwanangu nipe dakika chache. Natia kadi, napiga. Kama inaanza na sauti yangu, safi. Kama inaanza katikati sijui wapi, natilia shaka. Kisha natafuta njia ya kuruka folda nzima, si wimbo mmoja mmoja, kwa sababu ukiwa na nyimbo mia nne huwezi kubonyeza mara mia tatu ufike kwenye mawaidha. Kisha naipeleka mawaidha mpaka katikati, naizima kabisa, naiwasha. Ikirudi pale pale nilipoachia, hiyo tuzungumze bei. Ikirudi mwanzo wa faili, mawaidha ya saa nzima utayasikiliza robo ya kwanza maisha yako yote. Ikirudi mwanzo wa kadi, namrudishia na namshukuru.

Hiyo mbinu ya kurekodi sauti yako ndo kitu ambacho ningependa kila mtu asiyeona akijue, kwa sababu inageuza pleya bubu ya bei rahisi kuwa kitu kinachosema. Unarekodi kwa simu, maneno machache tu, jina la folda na pengine idadi ya nyimbo, unalitia mbele ya nyimbo. Lakini kuna mambo mawili lazima uyajue la sivyo utakasirika bure. La kwanza, programu nyingi za kurekodi kwenye simu zinahifadhi kwa aina ya faili ambayo pleya rahisi haiisomi, kwa hivyo tafuta programu inayoweza kuhifadhi kama MP3 au WAV. La pili ndo kubwa zaidi. Pleya nyingi rahisi hazipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa namba, zinapiga kwa mpangilio ule ambao mafaili yaliingia kwenye kadi. Yaani ukitia nyimbo leo na sauti yako kesho, sauti yako itakuja mwisho hata ukiipa jina 000. Kwa hivyo folda ikibadilika, naifuta yote kwenye kadi, nalitia faili la sauti kwanza peke yake, kisha nyimbo moja baada ya nyengine kwa utaratibu ninaoutaka. Ni kazi ya kukaa, lakini ukishafanya imekwisha na kadi inakutii.

Pleya zinazopanga kwa jina nazo zina lao, lazima uandike 001, 002 na sio 1, 2, kwa sababu nyingi zinaona 10 inakuja kabla ya 2. Haya yote nayafanya kwenye kompyuta kwa NVDA, ile programu ya bure ya kusoma kioo iliyoanza Australia mwaka 2006. F2 kubadilisha jina, Control C na Control V kunakili, na kadi naitoa kwa utaratibu wake, siichomoi tu. Hapo ndo unaona kwa nini nasema swali la kutia nyimbo ni zito kuliko la kupiga. Pleya inayojionyesha kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida, mtu wa NVDA anaimudu bila shida. Pleya inayotaka programu yake maalum ndo izungumze na kompyuta, hapo kwanza uulize hiyo programu yenyewe inasomeka au haisomeki.

Mfano mzuri ni ile iPod shuffle ya Apple. Ile ya 2009 ndo ilikuwa ya kwanza yao isiyo na kioo iliyopewa VoiceOver, ikawa inakutajia wimbo na mwimbaji, na wengi wetu tulifurahi kweli. Ila vitufe vyote walivihamishia kwenye waya wa hedifoni, waya ukikatika pleya nzima imekwisha mpaka upate waya wa aina ile ile, na hapa kwetu waya hazidumu. Mwaka uliofuata wakarudisha vitufe kwenye mwili na kutia kitufe cha peke yake cha kusema, hiyo niliipenda sana. Lakini zote lazima upitie iTunes, programu ya Apple ya kutilia nyimbo, sauti zinatengenezwa kwenye kompyuta ndipo zinaingia, na katika zile lugha 14 za ile ya 2009 Kiswahili hakikuwemo, kwa hivyo majina ya nyimbo zetu yalisomwa na Mzungu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Walisimamisha kuziuza mwaka 2017, utakazopata sasa ni za mitumba na betri zake zimechoka.

Kuna Victor Reader Stream kutoka Canada, ya kampuni ya HumanWare, ya kwanza ilitoka 2007. Hii imetengenezwa kwa ajili yetu tangu mwanzo na unajua mara tu unapoishika. Vitufe ni kama vya simu ya kabambe, vimeinuka, tano ina kinundu, inasema kila unachofanya, inasoma vitabu vya DAISY, vile vya sauti vya wasioona, ambavyo unaruka sura kwa sura au ukurasa kwa ukurasa, na ina kipimo cha muda ijizime yenyewe ukilala. Rafiki yangu alipata kupitia mradi na akaniachia nikae nayo. Mtu anayesoma vitabu vingi, mwanafunzi, mwalimu, hiyo sina la kupinga. Lakini bei ni mamia ya dola, na kwa mtu anayetaka taarab na mawaidha na pengine Qur'ani yake jioni, hizo ni pesa za kodi ya miezi.

Kwa hivyo nilikoishia mimi ni kwenye kimashine kidogo kama kiberiti, Sansa Clip+ ya SanDisk, kilitoka 2009, hakitengenezwi tena. Kilivyokuja kiwandani hakisemi neno. Lakini kuna programu ya bure inaitwa Rockbox, iliyoanzishwa mwaka 2001 na wanaprogramu wa Uswidi, ambayo unaitia badala ya ile ya kiwandani kwenye pleya fulani fulani za zamani, Clip hizi, Fuze, na baadhi ya iPod. Ukishaitia pamoja na faili lake la sauti, menyu zote zinasema. Unaingia setingi inasema, unashuka inasema, betri imebaki asilimia ngapi inasema, na ukitaka kila unapobonyeza itoe kilio kidogo ujue kitufe kimeingia. Inakumbuka ulipoachia. Inaweza kuharakisha mhadhara bila sauti ya mzungumzaji kuwa ya mtoto. Mara ya kwanza nilipoisikia inanitajia folda zangu nilikaa kitandani nikawa nazunguka tu kwenye menyu, sipigi wimbo wowote, nasikiliza menyu.

Hapa nieleze kidogo sababu watu huchanganyikiwa. Pleya ndogo vile haina nguvu ya kusoma maandishi yoyote yanayokuja mbele yake, inachofanya ni kupiga vipande vya sauti vilivyotayarishwa mapema. Vya menyu tayari vimo kwenye lile faili la sauti. Lakini majina ya nyimbo zako Rockbox haiyajui, hivyo una njia tatu: iseme namba tu, folda ya tatu, faili la saba, au ikutajie herufi moja moja, au utengeneze kwenye kompyuta vifaili vidogo vya sauti, kimoja kwa kila jina, vinakaa kwenye kadi pamoja na nyimbo. Mimi nafanya hiyo ya tatu kwa folda na ya herufi kwa nyimbo, sababu folda ndo napita kila siku. Na vizuri ni kwamba eSpeak, programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, ambayo ni ya bure na ndo inayokuja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Si sauti tamu, ni ya kimashine haswa, lakini inasoma "Mawaidha" kama inavyotamkwa.

Kuiweka mara ya kwanza nilikaa na mpwa wangu, kuanzia hapo nimekuwa najitegemea. Akinikuta na kadi siku hizi anauliza, "Mjomba, nikusaidie?" namwambia hapana mwanangu, kaa tu tuzungumze.

Kuhusu kadi zenyewe. Sokoni kadi feki zimejaa, imeandikwa 64 ndani kuna 8, inapokea nyimbo zote bila kulalamika kisha zile za mwisho hazipigi au zinapiga wimbo mwengine. Jaza kadi yote siku ile ile uliyonunua na upige mafaili ya mwisho mwisho, kama ni feki utaijua kabla risiti haijapotea. Na kwa pleya hizi za zamani nunua ya GB 32 au chini, kwa sababu kubwa zaidi ya hapo zinakuja zimeformatiwa kwa mpangilio unaoitwa exFAT ambao pleya nyingi za zamani haziusomi, na lile dirisha la kawaida la kuformati kwenye Windows nyingi halikupi ule wa zamani wa FAT32 kwa kadi kubwa. Microsd ni ndogo hakuna pa kubandika Braille, kwa hivyo kila kadi yangu ina kikopo chake cha dawa na karatasi ngumu ya Braille ndani. Kadi yenyewe ina kijino pembeni upande mmoja tu, kitafute kwa ukucha utajua iingie vipi, usilazimishe.

Sasa jambo la barabarani, na hili ni la usalama. Mimi nikitembea natia hedifoni sikio moja tu. Ukishuka ule mteremko wa feri ya Likoni asubuhi kuna mikokoteni, pikipiki, watu wanakimbia kuwahi, yule anayesema "pisha pisha" nyuma yako hana breki, na fimbo inakwambia kilicho mbele tu. Sikio la pili lazima liwe huru. Lakini rekodi nyingi hasa za zamani zimegawanywa, fidla upande mmoja mwimbaji upande wa pili, ukitia sikio moja unapata fidla na mtu anaimba kwa mbali mno kama hayupo. Dawa yake ni mono, kuunganisha pande zote mbili zitoke pamoja. Rockbox inayo kwenye setingi za sauti, Android nayo inayo kwenye sehemu ya ufikivu, pleya nyingi rahisi hazina kabisa. Hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia hilo, na mimi sasa ni kitu cha kwanza kuuliza.

Tundu la hedifoni liwepo, la kawaida la kuchomeka. Bluetooth kwenye pleya isiyosema ni kuhangaika, hujui imeungana au inatafuta au imeshika spika ya jirani. Na sisi wa pwani chumvi haituachi, tundu linaota kutu ndani na sauti inaanza kukatika upande mmoja, kwa hivyo pleya inalala kwenye mfuko uliofungwa, si dirishani.

Mtu asiyekuwa na kompyuta kabisa, wazee wetu hasa, mimi simpeleki kwenye Rockbox. Babangu mdogo kule Majengo macho yamemwisha ukubwani, vidole vyake vimekakamaa, hataki menyu. Nilimtafutia redio ya kadi yenye vitufe vikubwa na antena, ya betri za kununua dukani, sababu stima ikipotea jioni yeye hataki kungojea chaja. Nikamtilia kadi tatu, moja Qur'ani, moja taarab, moja mawaidha, kila kadi na sauti yangu mwanzoni inasema ni ipi. Akiitia inamwambia. Zikimchosha anabonyeza anarudi kwenye redio. Kwake hiyo ndo pleya bora kuliko zote nilizozitaja, na mimi sibishani naye.

Shida iliyobaki ni kupatikana. Clip haziko madukani tena na zilizoko mtandaoni zimepanda bei. Kwa hivyo mwenye Clip au iPod ya zamani imelala kwenye droo hapo Tudor ama Kisauni ama popote, ameiacha kwa sababu kioo kimekufa, asiitupe na asimuuzie mtu wa vyuma. Kioo kufa kwetu si hasara. Kama vitufe vinabonyea na betri inashika chaji, muulize mtu asiyeona hapo mtaani kwenu kama anaitaka, na ukimpa mpe na waya wake wa kuchajia, sababu ule ndo mgumu kupatikana kuliko pleya yenyewe.